Mwizi wa kuku afungwa ndani ya wiki mbili, kesi ya mheshimiwa haiishi: kwa nini?

*“Mwaka wa 2019 afisa mkubwa wa kaunti yetu alikamatwa siku ya Ijumaa, akalala seli hadi Jumatatu, magazeti yakamweka ukurasa wa kwanza. Alishtakiwa kwa pesa za mradi wa maji ambao hadi leo ni mabomba matupu yamelala kando ya barabara. Tangu hapo kesi inatajwa, inaahirishwa, inatajwa tena. Mara wakili ni mgonjwa, mara hakimu amehamishwa, mara wamekimbilia Mahakama Kuu. Mwenyewe tunamwona kwenye harambee na msafara wa magari, na 2027 anasema atagombea. Sasa tunasikia mashtaka yataondolewa. Kijana wa jirani yangu aliiba kuku wawili, wiki mbili hazikuisha akafungwa. Niulize bila kuficha: mahakimu wamenunuliwa? Au sheria iliandikwa kwa ajili ya maskini tu? Na mimi mwananchi wa kawaida nina la kufanya, au ni mwenye nguvu mpishe?”*

Ndugu msomaji, barua za namna hii hunijia kutoka Busia hadi Lamu, na mara nyingi kinachobadilika ni jina la mheshimiwa na aina ya mradi. Faili la kesi hiyo sinalo mbele yangu, kwa hivyo sitasema kama huyo bwana aliiba au hakuiba. Hilo ni la hakimu. Ninachoweza ni kukuonyesha njia ambayo kesi kama yake hupitia na mahali inapokwama, ili ujue hasira yako uielekeze wapi. Wengi wetu tunamlaumu hakimu tu, ilhali kwa maoni yangu kesi nyingi za wakubwa huharibika kabla hazijamfikia, tena siku ile ile tunayopiga makofi kwamba mtu amekamatwa.

Nianze na hilo la kununuliwa, maana nikiliruka utasema nimeogopa. Halijawahi kuwa jambo lisilowezekana. Mwaka wa 2013 Jaji Joseph Mutava alimwondolea mfanyabiashara Kamlesh Pattni mashtaka ya Goldenberg, ile kashfa ya miaka ya tisini ya serikali kulipia dhahabu iliyodaiwa kuuzwa nje. Jaji huyo mwenyewe akafikishwa mbele ya jopo, jopo likapendekeza 2016 aondolewe kazini kwa jinsi alivyoishughulikia kesi hiyo, na 2019 Mahakama ya Juu ikakubaliana nalo. Kwa hivyo hutokea, na njia ya kulishughulikia ipo, ingawa yenyewe pia ilichukua miaka. Lakini ukilifanya hilo kuwa jibu la kila kesi, utakuwa umemsaidia mshtakiwa wako bila kujua: utaacha kuuliza kilichomo ndani ya faili.

Sasa yule kijana wa kuku. Alikamatwa na kuku wenyewe, mwenye kuku akatambua mali yake, askari mmoja akaandika. Wakili hana. Kifungu cha 50 cha Katiba ya Kenya kinasema mshtakiwa atapewa wakili kwa gharama ya serikali pale ambapo bila wakili kutatokea dhuluma kubwa, na kwa kesi ndogo kama yake haki hiyo huwa haimfikii. Anasomewa mashtaka, anaulizwa kama ni kweli, naye anajibu ni kweli akitumaini kuhurumiwa. Basi, imekwisha, imebaki hukumu. Haraka hiyo usiionee wivu. Imetokana na mtu kukosa wa kumsemea, na pengine angepata wakili hata yeye angerudishwa nyumbani kwa onyo au kazi za jamii.

Mheshimiwa hukana. Akikana, upande wa mashtaka unapaswa kuthibitisha kila kiungo cha mnyororo: zabuni ilitangazwaje, kamati ya tathmini ilikaa lini, nani alitia saini, benki ilipokea nini, kampuni iliyolipwa ni ya nani, na, hapa ndipo kazi ilipo, kwamba mtu huyu alijua alichokuwa akifanya. Ukiwa na washtakiwa kumi, kila mmoja ana wakili wake, na kila wakili ana haki ya kumhoji kila shahidi. Shahidi mmoja wa benki anaweza kukaa kizimbani siku tatu.

Ongeza lile ulilolitaja, hakimu kuhamishwa. Watu hudhani huo ni ujanja wa kuficha kesi. Mara nyingi ni uhamisho wa kawaida wa watumishi, ila matokeo yake ni mazito. Kifungu cha 200 cha Sheria ya Taratibu za Kesi za Jinai kinampa mshtakiwa haki ya kudai mashahidi waliokwisha kusikilizwa waitwe tena mbele ya hakimu mpya. Mantiki yake ni njema, kwamba anayeamua ndiye awaone mashahidi kwa macho yake. Lakini kesi ya miaka minne inaweza kurudishwa nyuma kwa siku moja, na shahidi aliyekuwa mhasibu wa kaunti sasa yuko Qatar, au amefariki.

Halafu kuna mlango wa Mahakama Kuu. Mtu yeyote anayedai haki zake za kikatiba zimekiukwa anaweza kufungua ombi huko, na jaji akiona lina uzito anaweza kusimamisha kesi ya jinai kwa muda. Mlango huo uliwekwa kwa ajili yako na mimi, ila ada ya wakili wa kuufungua inalipika zaidi na mwenye nazo. Mfano ninaoupenda kuutaja, kwa kuwa unachosha hata kuusimulia, ni wa Chrysanthus Okemo, aliyewahi kuwa waziri wa fedha, na Samuel Gichuru, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya umeme. Mnamo 2011 kisiwa cha Jersey kiliomba wapelekwe huko wakajibu mashtaka ya kutakatisha pesa. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Rufaa, kisha Mahakama ya Juu, ambayo ilitoa uamuzi 2021. Na katika miaka hiyo yote swali kuu lilikuwa hili: anayepaswa kuanzisha mchakato huo ni Mwanasheria Mkuu au Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma? Kama pesa zilichukuliwa au hazikuchukuliwa, hapo hata hawakufika.

Tena ucheleweshaji ukishakomaa hugeuka kuwa hoja ya mshtakiwa. Mwaka wa 2006, baada ya Tume ya Bosire kutoa ripoti yake kuhusu Goldenberg, Profesa George Saitoti, aliyewahi kuwa Makamu wa Rais, alikwenda Mahakama Kuu. Majaji wakafuta sehemu za ripoti zilizomgusa na kuzuia asishtakiwe, na miongoni mwa waliyoyapima ni miaka mingi iliyokuwa imepita tangu matukio yenyewe. Kwa hivyo serikali isipofungua kesi mapema, inaweza kuja kuambiwa imechelewa mno kuifungua. Katika kashfa ya Anglo Leasing, ya mikataba hewa ya serikali, John Githongo, aliyekuwa afisa wa serikali wa kupambana na ufisadi, alijiuzulu na kukimbilia Uingereza mwanzoni mwa 2005. Watu walifikishwa kizimbani 2015. David Mwiraria, aliyekuwa waziri wa fedha na mmoja wa washtakiwa, alifariki 2017 kabla ya kesi kwisha.

Nikirudi kwa Ijumaa uliyoitaja: hapo ndipo nina neno ambalo huenda hulipendi.

Unakumbuka 2018 na 2019 tulivyokuwa tukisubiri mwisho wa wiki kuona nani atatiwa pingu. Mitandaoni waliiita “kamata kamata Friday”. Katiba inasema aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, ila muda huo ukiisha mahakama zikiwa zimefungwa, itakuwa siku inayofuata ya kazi. Ukimkamata Ijumaa jioni, umempa wikendi nzima ya seli kabla jaji wala hakimu hajaambiwa lolote. Umma unaridhika. Kamera zipo. Na hapo hapo upande wa mashtaka umejifunga kitanzi, kwa sababu kuanzia siku mtu anaposomewa mashtaka, Katiba inamtaka mwendesha mashtaka ampe mshtakiwa ushahidi wote atakaoutumia. Kama upelelezi haujakamilika, nyaraka zitakuja kwa vipande: leo taarifa za benki, baada ya miezi mitatu ripoti ya mkaguzi, baada ya mwaka barua kutoka nchi ya nje. Kila kipande kinapofika, wakili wa utetezi anasimama na kuomba muda wa kukisoma, naye hakimu hana budi kumpa. Ikibidi hati ya mashtaka ibadilishwe, washtakiwa wanasomewa upya na wana haki ya kuwaita tena mashahidi. Kule kuahirishwa unakokulaani mara nyingi chanzo chake ni faili lililoepuliwa mbichi.

Linganisha kesi tatu zilizoanza mwaka huo huo wa 2019, mwaka wa kesi yako.

Ya mabwawa ya Arror na Kimwarer ilikuwa kubwa kupindukia. Waziri wa Fedha Henry Rotich alikamatwa Julai 2019 pamoja na maafisa wengi. Mikataba ilikuwa na kampuni ya Italia, thamani ikitajwa kuwa shilingi bilioni 63. Desemba 2023 mahakama ya hakimu iliwaachilia, na hakimu akaukemea upande wa mashtaka waziwazi, kwani ulikuwa umewahoji mashahidi wanane tu kati ya 49 uliowaorodhesha. Soma sentensi hiyo tena kabla ya kumlaumu hakimu. Hakimu haruhusiwi kumtafutia mwendesha mashtaka ushahidi. Akiletewa sahani tupu, sahani ni tupu.

Ya Moses Lenolkulal, gavana wa zamani wa Samburu, ilikuwa nyembamba. Mashtaka yalihusu kituo chake cha mafuta kuiuzia mafuta kaunti aliyoiongoza, shilingi milioni 83 hivi. Kituo ni cha nani, kaunti ilimlipa nani: maswali mawili yanayojibiwa kwa karatasi. Alipatikana na hatia Agosti 2024 na kuhukumiwa miaka minane au faini ya takriban milioni 85. Ya Ferdinand Waititu wa Kiambu ilihusu zabuni ya barabara ya milioni 588, lakini kiini chake kilikuwa njia ya pesa kutoka kwa kampuni iliyoshinda zabuni kurudi kwa kampuni zenye uhusiano naye. Februari 2025 alihukumiwa miaka 12 jela au faini ya milioni 53.5. Kukata rufaa ni haki ya wote wawili. Lakini angalia: kesi hizo zilizofika kwenye hukumu nazo zilichukua miaka mitano na zaidi. Tanzania si tofauti sana. Basil Mramba na Daniel Yona, waliokuwa mawaziri, walishtakiwa 2008 kwa kuisababishia serikali hasara katika mkataba wa ukaguzi wa dhahabu. Hukumu ilitoka Julai 2015.

Kwa hivyo miaka sita ya kesi yako inakera, lakini pekee yake haithibitishi kuwa kuna mchezo. Ukitaka dalili za mchezo, tazama kwingine: mwendesha mashtaka anayekuja bila mashahidi mara kwa mara, mashahidi wanaobadili maneno mmoja baada ya mwingine, nyaraka za asili zinazopotea, na ombi la kuondoa kesi linalokuja mara tu baada ya uchaguzi au baada ya mtu kuhama chama.

Na wale wanaosema dawa ni haraka, wamtazame Lengai Ole Sabaya, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Hai kule Tanzania. Alisimamishwa kazi Mei 2021, akashtakiwa, na Oktoba mwaka huo huo akahukumiwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Watu walishangilia kwamba kumbe inawezekana. Mei 2022 Mahakama Kuu Arusha ikafuta hukumu hiyo kwa kasoro ilizoziona katika kesi. Kesi ya miezi mitano isiposimama kwenye rufaa, mlalamikaji anabaki pale alipokuwa, tena sasa hana pa kwenda.

Sasa kuhusu mashtaka kuondolewa. Hapa ndipo barua yako inaponitia wasiwasi kweli, na ndipo pia watu wanapokosea zaidi.

Kwanza, Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC, haishtaki. Inapeleleza, inapeleka faili kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, naye ndiye huamua. Pili, Mkurugenzi huyo akishafungua kesi hawezi kuifuta kwa kalamu yake mwenyewe; kifungu cha 157 cha Katiba kinamtaka aombe ruhusa ya mahakama, na kinamtaka azingatie maslahi ya umma na kuzuia matumizi mabaya ya sheria. Tatu, kuondolewa si lazima kuwe ndio mwisho. Kesi ikiondolewa chini ya kifungu cha 87(a) cha Sheria ya Taratibu za Kesi za Jinai kabla ya mshtakiwa kuitwa kujitetea, anaachiliwa lakini anaweza kushtakiwa tena kwa kosa lile lile. Ila upande wa mashtaka ukiwa umeshafunga ushahidi wake ndipo uombe kuondoa, Katiba inasema mshtakiwa ahesabiwe hana hatia, na hapo mlango umefungwa. Kwa hivyo swali la kwanza la kuuliza kesho asubuhi ni hili: kesi imefika hatua gani?

Unakumbuka kesi ya ufisadi ya shilingi bilioni 7.4 dhidi ya Rigathi Gachagua. Alishtakiwa Julai 2021, akakana na kusema ni siasa. Novemba 2022, miezi miwili baada ya kuapishwa kuwa Naibu wa Rais, mahakama ilikubali ombi la kuondoa mashtaka kwa kuwa ushahidi haukutosha. Mpelelezi mkuu wa kesi alidai kwa kiapo kwamba faili liliharakishwa kwa shinikizo kutoka juu. Ukiamini maelezo hayo, ina maana mtu alipelekwa mahakamani bila ushahidi wa kutosha. Ukiyakataa, ina maana ushahidi ulikuwepo ukaachwa. Vyovyote iwavyo, mwananchi hakupata jibu kuhusu pesa zenyewe, na mimi hilo ndilo linaloniudhi kuliko nani alikuwa madarakani.

Kugombea je? Ndiyo, anaweza, na hata akipatikana na hatia huenda akaweza kwa muda. Kifungu cha 99 cha Katiba kinamzuia aliyehukumiwa kifungo cha miezi sita au zaidi asiwe mbunge, lakini kinaongeza kuwa zuio halianzi mpaka nafasi zote za rufaa ziishe, na kwa ugavana kuna kinga kama hiyo. Mbunge wa Sirisia alihukumiwa Juni 2020 na akachaguliwa tena Agosti 2022 rufaa ikiendelea. Wapiga kura walijua. Kwa aliye ofisini hali ni tofauti kidogo: Julai 2019, katika kesi ya huyo huyo Lenolkulal, Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba gavana aliyeshtakiwa kwa ufisadi asiingie ofisini kesi ikiendelea, maana ataketi na mashahidi na nyaraka za kesi yake chini ya mamlaka yake. Kwa maoni yangu uamuzi huo umefanya kazi kubwa kuliko pingu nyingi za Ijumaa.

Kuna njia nyingine isiyopigiwa kelele, ya madai. Sheria ya Kupambana na Ufisadi ya 2003 inairuhusu EACC kumdai mtu mali asiyoweza kuieleza ikilinganishwa na mapato yake, na hapo kiwango cha ushahidi ni chepesi kuliko cha jinai. Mwenye mali ndiye anayetakiwa kueleza aliipataje. Hakuna kizimba wala picha za gazetini, ila kiwanja kinarudi. Kumbuka ile kesi ya Jersey: wakati hapa tulikuwa bado tunabishana ni ofisi ipi itie saini, kule kampuni iliyohusishwa na Gichuru ilikiri makosa 2016 na pesa zikataifishwa. Uliza kama kuna kesi ya madai kuhusu mradi wenu wa maji. Wengi hawaulizi.

Wewe ufanye nini basi? Anza na namba ya kesi. Bila namba unabishana na uvumi. Orodha za kesi za kila siku huchapishwa na Mahakama, maamuzi mengi yanapatikana bure kwenye tovuti ya Kenya Law, na masijala ya mahakama itakuambia tarehe ijayo. Kesi ya jinai husikilizwa hadharani, kwa hivyo una haki ya kuingia na kuketi. Vikao vingine hufanyika kwa mtandao. Nendeni watu watano au sita, kaeni kimya, andikeni tarehe, nani aliomba kuahirisha na kwa sababu gani. Baada ya vikao vitatu vinne mtakuwa na kitu ambacho hata wanahabari wengi hawana: mtajua anayechelewesha ni nani. Nimeona waendesha mashtaka wakijiandaa vizuri zaidi wakiona viti vya nyuma vimejaa, na sidhani ni kwa bahati.

Kisha soma ripoti za EACC za kila robo mwaka. Sheria inaitaka izichapishe, na humo kila faili lililopelekwa kwa Mkurugenzi wa Mashtaka hutajwa pamoja na alivyojibu: amekubali, amekataa, au amelirudisha likaongezewe upelelezi. Ni usomaji mkavu kama vumbi la Mtito Andei, ila una majibu.

Kuhusu mradi wenyewe, tumia Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Andikia kaunti barua ukiomba mkataba, ripoti ya ukaguzi wa kazi na hati za malipo. Wana siku 21 za kukujibu. Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, hulipi kitu. Kama tatizo ni mahakama kukaa na uamuzi kwa miezi bila kuusoma, Mahakama ina ofisi yake ya malalamiko. Kama ni mwenendo wa hakimu au jaji, ni Tume ya Huduma za Mahakama. Usichanganye hizo mbili. Malalamiko ya “hakimu amenunuliwa” yasiyo na tarehe wala tukio huishia kwenye kabati.

Na hili la kuondoa mashtaka, kama ni kweli linakuja, msisubiri siku yenyewe. Andikeni kwa Mkurugenzi wa Mashtaka sasa, kwa heshima, mkitaja namba ya kesi na hasara iliyowapata watu wa eneo lenu, na muulize sababu. Siku ya ombi, wakili anaweza kuomba mruhusiwe kusikilizwa kama walioathirika. Hakimu ana hiari ya kukubali au kukataa. Mkiona uamuzi umekiuka kifungu cha 157, Mahakama Kuu inaweza kuupima. Hapo msijiendee wenyewe. Tafuteni wakili mwenye uzoefu wa kesi za katiba, au shirika la kutetea haki, au Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Mkishindwa mnaweza kuamriwa kulipa gharama, ingawa katika kesi za maslahi ya umma mahakama mara nyingi huwasamehe walalamikaji wa kweli. Pimeni hilo kabla.

Usiandike mtandaoni kwamba fulani ni mwizi. Andika kwamba fulani ameshtakiwa kwa kosa hili, kesi namba hii, imeahirishwa mara ngapi. La kwanza linaweza kukuletea kesi ya kukashifu, na mheshimiwa ana mawakili wa kutosha. La pili ni ukweli unaouma zaidi. Wala usiwafuate mashahidi kuwapa moyo au kuwauliza watasema nini. Wakili wa utetezi akilijua hilo, ataligeuza kuwa ushawishi kwa shahidi.

Kuna watu ambao ushauri huu wa barua hauwatoshi kabisa. Kama wewe au mtu wa nyumbani kwako alifanya kazi katika mradi huo, alitia saini popote, ameitwa kuwa shahidi, au ana nakala za malipo kabatini, usiniandikie mimi wala mtu mwingine maelezo hayo. Nenda ana kwa ana kwa wakili wako kwanza, kisha kwenye ofisi ya EACC iliyo karibu. Ziko Mombasa, Malindi, Kisumu, Eldoret, Nyeri na kwingineko, na pia wana njia ya kuripoti bila kutaja jina. Sheria ya Hongo ya 2016 inamlinda anayetoa habari na anayetoa ushahidi, na ni kosa kumtisha au kumnyanyasa. Ukipigiwa simu ya vitisho, andika saa na namba, usifute ujumbe, na mwombe wakili akufikishe kwa Shirika la Kuwalinda Mashahidi mapema, kabla hujatoa ushahidi na si baada. Nyaraka za asili usimpe mtu yeyote, hata afisa mwenye kitambulisho, bila kuandikiwa stakabadhi inayoorodhesha kila ukurasa, na ubaki na nakala nje ya nyumba yako.